Tufaha Lililonyooka Huanzia Kwenye Ua: Mwongozo wa Shamba la Matufaha Lushoto

Mwaka wa kwanza mitufaha yangu ilipozaa vya kutosha kupeleka sokoni, nilishusha matenga manne nikiwa na furaha ya mtu aliyesubiri miaka. Mnunuzi akamwaga tenga la kwanza juu ya turubai na kuanza kuchambua, yaliyo sawa kulia, yaliyopinda kushoto. Rundo la kushoto likazidi kukua. Yalikuwa matamu, yana rangi, hayana funza, lakini upande mmoja umejaa na wa pili umesinyaa. Yale ya kushoto akayachukua kwa nusu ya bei. Nikapanda kurudi nyumbani nikiilaumu mbolea.

Jioni ile nikapita kwa mzee jirani yangu, ambaye amekuwa na mipeasi na mitufaha tangu sijazaliwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, habari za soko?" Sikujibu, nikampa tunda moja lililopinda. Akachukua kisu akalikata, lakini si kwa urefu kutoka kikonyoni kama tulivyozoea. Alilikata kiunoni, kwa kuzungusha. Ndani ikatokea nyota yenye vyumba vitano. Vyumba vya upande ulionona vilikuwa na mbegu mbili mbili, kahawia iliyokolea, zinang'aa. Vyumba vya upande uliosinyaa vilikuwa vitupu, vimebaki na vigamba vyepesi vya mbegu ambazo hazikuwahi kuwa mbegu. "Hesabu," akaniambia. "Tunda linajengwa na mbegu zake."

Kila nilichojifunza baadaye kuhusu umbo la tufaha kinarudi kwenye nyota ile. Tufaha kwa kawaida lina vyumba vitano na mbegu kama kumi zikitimia. Mbegu inayokua hutoa vichocheo vinavyoita chakula kije upande wake, na nyama ya tunda hujaa hapo. Chumba kisicho na mbegu hakina wa kukiitia chakula, kwa hiyo upande wake unabaki nyuma. Mbegu nazo zinatokana na chavua iliyofika kwenye ua ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo unapoliona tufaha limepinda mwezi wa kwanza, kosa lilitokea mwezi wa tisa, wakati ua liko wazi, na hakuna mbolea itakayolinyoosha.

(Neno moja kwa wasomaji wa Tanga mjini na Pangani: pwani ukisema tufaa, wengi wanaona lile tunda jekundu lenye nyama nyeupe laini, la mti unaomwaga maua ya waridi chini kama zulia. Huo ni mti mwingine kabisa. Hapa nazungumzia epo, tufaha la milimani.)

Kwanza, mahali na aina

Tufaha ni mti wa nchi za baridi. Unahitaji kipindi cha kulala ndipo uamke na kuchanua kwa pamoja. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7, na sisi tulio karibu digrii 5 kusini mwa Ikweta hatuna baridi hiyo, hata Julai ukungu ukishuka mpaka mlangoni. Ndiyo maana usikubali kuuziwa mche wa "epo" usiojulikana aina. Utakua vizuri, utakuwa na majani mazuri, na utachanua ua hapa, ua pale, miezi mitatu mfululizo. Maua yanayopishana hivyo hayachavushani, na matunda yake ndiyo yanayopinda.

Aina inayotufaa ni Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi za joto. Inatosheka na saa 200 hadi 300 za baridi, na hata zikipungua ina ujanja wake, nitaueleza. Tunda lake kwa asili ni refu kidogo, limechongoka kuelekea kitakoni, kwa hiyo usidhani urefu huo ni kasoro. Mwenzake ni Dorsett Golden, wa njano, aliyetokea visiwa vya Bahama. Hawa wawili huchanua wakati mmoja na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Anna peke yake anaweza kukupa matunda, lakini yatakuwa machache, yana mbegu mbili tatu, na umbo lake utalitambua.

Mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba na Shume ni juu zaidi. Mwinuko huo unafaa. Ukiwa Mombo au Korogwe bondeni, panda machungwa na maembe. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona watu wakitupa fedha zao. Ndani ya shamba lako mlimani, kwepa mahali upepo unapopita moja kwa moja, maana nyuki hawafanyi kazi kwenye upepo, na kwepa pia chini kabisa ya mteremko ambako maji yanatuama.

Miche iwe ya kubebesha, yaani tawi la aina unayoitaka limeunganishwa kwenye shina la aina nyingine. Ukipata iliyobebeshwa kwenye shina la aina iitwayo MM106, chukua, kwa kuwa mashina ya ukoo huo yalizalishwa makusudi yahimili vidukari wenye sufu nyeupe, ambao huvimbisha mizizi na matawi.

Kupanda

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60, urefu kwenda chini hivyo hivyo, mita 4 kati ya mti na mti. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, debe moja hadi mawili. Panda masika yanapoanza. Kwenye mteremko, panda juu ya matuta ya kontua na otesha majani ya ng'ombe kwenye kingo, yatashika udongo na utawalisha mifugo. Mahali mche ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo, kama upana wa kiganja. Ukipafukia, tawi la juu litaotesha mizizi yake na faida ya shina ulilolipia itapotea.

Kabla ya kupanda, peleka udongo ukapimwe. Sisi wa Tanga tuna bahati, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kipo Muheza, na udongo ndiyo kazi yao.

La kupanga vizuri zaidi kuliko yote ni nani akae jirani na nani. Kama unataka Anna kwa wingi, basi katika kila mstari wa tatu, kila mti wa tatu uwe Dorsett Golden. Hapo kila Anna atakuwa na mchavushaji kando yake au mshazari. Usiziweke Dorsett zote kwenye kona moja kwa sababu inapendeza kuvuna pamoja. Nyuki hupenda kufuata mstari na miti ya karibu, hatavuka shamba zima kwa ajili yako.

Kuujenga mti

Mche ukishashika, ukate juu kwenye kimo cha sentimita 75 hivi. Vichipukizi vikitokea, chagua vinne vilivyotazama pande nne na visivyotoka sehemu moja, na kimoja cha katikati kiendelee kupanda. Vingine toa.

Kisha vilaze. Tawi linalopaa wima hukimbilia majani, tawi lililolazwa hutulia na kuzaa. Pia tawi la wima linabana tunda kati yake na shina, na tunda lililobanwa litakuwa na bapa upande mmoja hata kama mbegu zake zote kumi zimetimia. Mimi hutumia kamba ya mkonge na kigingi chini, au jiwe dogo lililofungwa. Vuta taratibu mpaka tawi liwe limelala kiasi cha nyuzi 60 kutoka kwenye shina, halafu liache msimu mzima. Fundo liwe legelege. Tawi linanenepa, na kamba iliyokaza hulikata kama waya.

Kila mwaka baridi inapokwisha, pogoa. Toa yaliyokufa, yanayosuguana, yanayoelekea ndani, na yale machipukizi manene yanayopaa wima kutoka juu ya tawi. Mwanga ufike katikati. Ukisimama chini ya mti saa sita mchana uone madoa ya jua yametapakaa ardhini. Usipoyaona, bado hujamaliza. Kwenye matawi ya miaka mingi utakuta vijiti vifupi vyenye mafundo vilivyozaa na kuzaa mpaka vimerundikana. Punguza nusu yake, uache vinavyotazama pembeni na chini. Tunda linaloning'inia kwa uhuru hunyooka, na lile lililosimama juu ya tawi huinama likianza kuwa zito na kuegemea kuni.

Kuuamsha kwa pamoja

Huu ndio ujanja niliouahidi. Baridi yetu haiangushi majani yenyewe, hivyo tunayaangusha sisi. Wakulima wa Batu, kule Jawa ya Mashariki nchini Indonesia, wako karibu digrii 8 kusini mwa Ikweta na wamezalisha matufaha kwa miaka mingi kwa kuchuma majani yote kwa mkono na kulaza matawi. Mti ukivuliwa majani, machipukizi yaliyokuwa yamezuiwa huamka pamoja.

Mimi huchuma majani mwezi wa saba ukiisha, baridi ikiwa bado ipo lakini vuli ikikaribia. Shika jani, livute kuelekea ncha ya tawi, usilirarue kurudi nyuma maana utang'oa na chipukizi lililo kwapani mwake. Mti mmoja mkubwa unanichukua karibu nusu siku nikiwa na vijana wawili. Ichume Anna na Dorsett ndani ya siku hizo hizo. Ukiacha wiki mbili kati yao, maua yatapishana, na kazi yote ya kuipanga miti itakuwa bure. Baada ya wiki tatu hadi nne machipukizi huvimba, halafu maua.

Mti ulio dhaifu au mwenye umri chini ya miaka mitatu usiuvue. Unahitaji kila jani ulilonalo.

Siku za maua

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Maua ya mtufaha hutoka kwa mafungu, matano au sita pamoja. La katikati hufunguka kwanza, na kwa kawaida ndilo linalotoa tunda kubwa lenye kikonyo kinene. Ukitazama kwa karibu utaona katikati ya ua vijiti vitano vilivyoungana chini. Kila kimoja kina chumba chake kwenye ile nyota. Nyuki akipita akagusa vitatu tu, tunda linaweza kuwa na upande uliosinyaa. Kwa hiyo ua moja linahitaji kutembelewa mara nyingi, na wageni waliotoka kwenye mti wa aina nyingine.

Nyuki wetu hutoka jua likishapasha. Asubuhi zenye ukungu, baridi ikiwa chini ya nyuzi 12 au 13, wanabaki mzingani. Mvua ikinyesha wanabaki pia. Unaweza ukapata saa nne tu za kazi yao kwa siku, na ndiyo sababu nasisitiza wawepo wengi na karibu. Mizinga miwili iliyo hai inatosha kwa shamba la ekari moja. Isogeze shambani usiku, maua ya kwanza yakishafunguka, si kabla. Ukiileta mapema nyuki watazoea mikaratusi ya jirani na hutawarudisha.

Na sasa kosa langu. Mwaka ule wa matenga manne niliona wadudu wadogo kwenye maua nikapiga dawa, mchana, maua yakiwa wazi. Nilidhani nayalinda. Kesho yake chini ya miti palikuwa na nyuki wamelala chali, wachache bado wakitikisa miguu. Nilipoliona tunda la mzee limekatwa, nikaikumbuka siku ile. Usipige dawa ya wadudu yoyote kuanzia ua la kwanza linapofunguka mpaka petali zianguke. Waambie na majirani wenye nyanya na kabichi wapige jioni, nyuki wakisharudi.

Kama una miti michache, au Dorsett zako hazijakua, kuna njia mbili. Omba matawi yenye maua kwa mwenzako, yatie kwenye ndoo ya maji na uining'inize ndani ya Anna, ubadilishe maji kila siku. Au chavusha kwa mkono. Chukua unyoya laini wa kuku, upake chavua ya njano kutoka ua la Dorsett lililofunguka jana, kisha gusa vile vijiti vitano vya ua la Anna, vyote, kwa kuzungusha. Fanya kati ya saa nne na saa nane mchana, umande ukishakauka. Mti mdogo unachavusha kwa saa moja, na matunda yake utayatofautisha na ya jirani yake kwa macho.

Kupunguza matunda

Hii ndiyo kazi inayowauma watu moyo, na mimi pia iliniuma. Lakini mti uliobeba kila kitu hautoi tunda zuri hata moja. Tunda moja linataka majani 30 hadi 40 ya kulilisha. Tena mbegu nyingi mtini huuzuia mti kuandaa maua ya mwaka unaofuata, ndiyo ile hali ya kuzaa mwaka huu na kupumzika mwakani.

Subiri mti udondoshe wenyewe kwanza. Wiki nne hadi sita baada ya maua, matunda mengi yaliyokosa mbegu huanguka. Hapo ingia wewe, usichelewe, kwa kuwa chembe za tunda huongezeka idadi katika wiki hizo za mwanzo, na baada ya hapo zinatanuka tu.

Shika kijiti cha fungu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkasi mdogo kata kikonyo cha tunda unalolitoa. Usilivute, utang'oa kijiti na mazao ya miaka ijayo. Anza na yaliyopinda. Hata likiwa na ukubwa wa gololi unaona, lizungushe tu mbele ya macho, upande mmoja wa kile kitako chenye mabaki ya ua utakuwa umenyanyuka. Fuata yenye makovu, yaliyotobolewa, yaliyoungana pacha, kisha madogo. Katika kila fungu bakiza moja, lile lenye kikonyo kinene na lililoning'inia wazi. Kati ya tunda na tunda tawini iwe shubiri moja. Matunda mawili yakigusana, yote mawili yatapata bapa, na funza watajificha katikati.

Ukimaliza utaona umemwaga chini kuliko ulivyoacha juu. Ndivyo inavyotakiwa.

Maji na chakula

Mwagilia kwa mpangilio usiobadilika. Tunda lililokaa na kiu wiki tatu kisha likapata mvua kubwa ya vuli hupasuka. Matandazo ya majani makavu, unene wa kiganja na yasiguse shina, yanasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kirutubisho kinachoharibu umbo kikikosekana ni boroni. Tunda linakuwa na mabonde na vinundu, na ukilikata unakuta nyama ya kahawia kavu kama kizibo. Milima yetu yenye mvua nyingi hupoteza boroni kirahisi. Lakini tumia kwa kufuata majibu ya kipimo cha udongo au majani, kwa kuwa kati ya kiasi kinachoponya na kinachounguza mti nafasi ni ndogo sana. Samadi nyingi na urea nyingi nazo acha. Mti utanenepa majani na kulisahau tunda.

Maradhi na wadudu wanaokunja tunda

Ukungu wa madoa meusi kama vigaga huanza kwenye majani, na ukilishika tunda changa, ngozi ya mahali hapo hugoma kukua wakati kwingine kunatanuka. Tunda linapinda na kupasuka. Okota majani yote uliyoyachuma uyafukie au uyatie kwenye mboji ya moto, maana huko ndiko ukungu unakolala. Piga dawa ya kopa machipukizi yanapovimba, kabla ya maua. Baada ya maua usiipige tena, itakwaruza ngozi ya tunda. Ubwiri unga, ule weupe kwenye ncha za matawi, ukate na uchome, na salfa wanayoijua wakulima wa korosho inafanya kazi hapa pia, ila si kwenye jua kali.

Kunguni wanaofyonza matunda machanga huacha shimo dogo linalobaki kama kitovu. Palilia magugu yenye maua kabla mitufaha haijafunga matunda, si baada, la sivyo utawafukuza kutoka kwenye magugu waje juu. Inzi wa matunda ndiye mkorofi zaidi kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Valisha matunda mifuko ya karatasi ya kaki mara baada ya kupunguza, funga mdomo kwenye kikonyo, na yaliyoanguka yazike chini sentimita 60 kila siku mbili. Nikitoka msibani au safarini, kazi ya kwanza ni kuokota.

Kuvuna

Anna hukomaa karibu miezi mitatu na nusu hadi minne baada ya maua. Mbegu ziwe kahawia. Weka tunda kiganjani, linyanyue na kulizungusha kidogo. Likiwa tayari litaachia lenyewe likiwa na kikonyo chake. Matenga yatandike majani makavu ya mgomba, kwa kuwa barabara ya kushuka Soni hadi Mombo ina kona nyingi, na tunda lililonyooka shambani linaweza kufika limebonyea.

Kabla sijaita wanunuzi, huchukua matunda matatu kutoka kila mti na kuyakata kiunoni. Nahesabu mbegu na kuandika kwenye daftari: mti gani, mbegu ngapi, upande gani wa mti. Msimu uliopita mti wa tatu kutoka mferejini ulinipa nne, nne na tano, wakati wenzake wanatoa nane na tisa. Nikagundua Dorsett iliyokuwa jirani yake ilikauka na sikuziba pengo. Nimeshabebesha tawi la Dorsett kwenye mti huo huo, upande wa mashariki, na limeshika. Mwezi wa tisa likichanua nitakuwa chini yake na daftari.